Kapu la hisa na vipande likisumbua: tafuta ugonjwa kabla hujauza

Saa nne usiku mpwa wangu alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Zile hisa za benki nauza zote kesho, nimechoka nazo." Nikamwitikia, nikamuuliza zimemfanya nini. Gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa, lilikuwa limetangazwa, wenzake ofisini wameshapokea, yeye hajaona hata senti. Tulipofuatilia asubuhi ikaonekana akaunti aliyoandikisha kupokelea gawio aliifunga mwenyewe mwaka juzi alipohama mkoa, na hakumwambia mtu. Hisa hazikuwa na kosa. Nusura auze mali nzuri kwa sababu ya namba ya akaunti.

Tangu hapo kila anayenijia na malalamiko ya kapu lake la uwekezaji namuuliza kwanza linauma wapi. Tatizo linaweza kuwa kwenye karatasi, yaani majina, akaunti na tarehe. Linaweza kuwa sokoni, hakuna mnunuzi au bei imeyumba. Linaweza kuwa kwenye kampuni yenyewe. Na linaweza kuwa kwako wewe, uliyeweka fedha ya ada mahali pa fedha ya uzeeni. Katika yote niliyoyaona, kampuni ndiyo huwa na kosa mara chache zaidi, lakini ndiyo inayohukumiwa kwanza.

Naandika kwa mwekezaji wa kawaida wa Tanzania: ana hisa kadhaa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS au Faida Fund, pengine na hatifungani moja ya serikali (yaani ameikopesha serikali kwa riba), na anatazama miaka kumi mbele. Mimi si mshauri mwenye leseni. Ni mtu wa kaunta buku tu.

Na kaunta buku ndiyo kifaa cha kwanza. Taarifa ya CDS, mfumo unaotunza kumbukumbu za hisa, itakuambia una hisa ngapi, haitakuambia ulizinunua kwa nini. Mstari mmoja wa kwangu unasomeka hivi:

14 Machi. Hisa 500 kwa 400 = 200,000. Gharama 4,720. Sababu: gawio limepanda miaka mitatu, mikopo chechefu (isiyolipika) inapungua. Nitauza endapo: mikopo chechefu itapanda miaka miwili mfululizo, au gawio likatwe bila maelezo yanayoeleweka.

Ukikosa ile sehemu ya "nitauza endapo", siku bei ikishuka huna cha kulinganisha nacho. Unabaki kuuliza wenzako kwenye kundi la WhatsApp, ambao nao wanakuuliza wewe.

"Gawio limetangazwa, langu sijaliona"

Anza na tarehe, usianze na benki. Kampuni ikitangaza gawio hutaja siku ya kufunga daftari la wanahisa, na anayelipwa ni yule ambaye jina lake limo daftarini siku hiyo. Aliyenunua siku hiyo hayumo bado. DSE hukamilisha mauziano ya hisa siku ya tatu ya kazi baada ya biashara. Hesabu kwa vidole: daftari linafungwa Ijumaa, wewe umenunua Jumatano. Alhamisi moja, Ijumaa mbili, Jumatatu tatu. Jina lako linaingia Jumatatu, kwa hiyo gawio la mwaka huo ni la aliyekuuzia, na wala hajakudhulumu. Matangazo huwa yanaeleza pia hisa itaanza lini kuuzwa bila gawio. Watu hawausomi mstari huo kwa sababu macho yameshakwenda kwenye kiasi.

Kama tarehe iko sawa, tazama siku ya malipo. Kati ya tangazo la matokeo ya mwaka na fedha kuingia kuna mkutano mkuu wa wanahisa, ambao ndio unaopitisha gawio. Wengi huanza kudai mwezi Machi fedha ambayo ratiba yake ni Juni.

Ukishavuka hapo ndipo uende kwenye akaunti na majina. Kosa la majina ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. NIDA imeandika Muhammad, CDS imeandika Mohamed, benki ina Mohammed. Kwako ni wewe mmoja, kwa mfumo ni watu watatu. Nenda kwa dalali wako wa hisa na kitambulisho, jaza fomu ya kubadili taarifa, na usiondoke bila nakala yenye muhuri. Uliza pia kuhusu magawio ya miaka ya nyuma, maana namba ya akaunti ikikosewa mara moja huwa imekosewa miaka yote. Nimemwona mama mmoja akilipwa ya miaka minne kwa mpigo baada ya kusahihisha herufi moja.

Limeingia lakini pungufu? Hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE. Kwa mwaka wa fedha 2023 CRDB ilitoa shilingi 50 kwa hisa. Mwenye hisa 1,200 alistahili 60,000, zikaingia 57,000. Hakuna aliyekuibia.

"Nimeweka oda ya kuuza, wiki ya tatu sasa kimya"

Hapa mgonjwa ni soko, na dawa yake ni uvumilivu au punguzo. Soko letu ni jembamba. Zipo hisa zinazouzwa kila siku kwa maelfu, hasa za mabenki makubwa, na zipo ambazo wiki nzima inapita bila hisa moja kubadilisha mikono. Bei unayoiona kwenye taarifa ya siku ni ya biashara ya mwisho iliyofanyika, na hiyo biashara inaweza kuwa ya mwezi uliopita.

Kwa hiyo, kabla ya kumgombeza dalali, mwombe akusomee pande zote mbili: wanaotaka kununua wanatoa ngapi, wanaouza wanataka ngapi, na mbele yako wamepanga foleni wangapi kwa bei hiyohiyo. Kama unauza kwa 1,000 na mnunuzi pekee aliyepo anatoa 860, basi thamani ya hisa zako leo ni 860, hata karatasi iseme nini. Unaweza kusubiri, unaweza kushuka kidogo kidogo, unaweza kugawa oda. Kitu usichoweza ni kulazimisha.

Kuna kosa la kufikiri linalojificha hapa, nalo linawapata hata watu makini. Hisa ambayo bei yake haijasogea miezi minane inaonekana tulivu kuliko ile inayopanda na kushuka kila siku, na mtu mwenye tahadhari huichagua hiyo. Lakini haijasogea kwa sababu hakuna anayeigusa. Siku ukitaka kutoka ndipo utakapoijua bei yake ya kweli. Mimi hisa za namna hiyo nimejiwekea kikomo: zote kwa pamoja zisizidi sehemu moja ya kumi ya kapu, na fedha yenyewe iwe ile ambayo hata nikiambiwa nisubiri miaka miwili sitamtafuta mtu wa kunikopesha.

"Kila nikinunua, inashuka"

Fungua kaunta buku utazame tarehe za manunuzi yako. Mara nyingi zote zimeangukia kwenye wiki za kelele: matokeo mazuri yametoka, gawio limetangazwa, kila mtu anaongelea kampuni hiyo. Wewe unaingia wakati waliokaa miaka miwili wanatoka. Halafu hisa ikianza kuuzwa bila gawio, bei hupungua kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, maana anayenunua baada ya hapo hapati gawio hilo.

Sababu ya pili ni gharama. Ada ya dalali, DSE, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CDS na kodi ya ongezeko la thamani, ukijumlisha kwa muamala mdogo, inapita kidogo asilimia 2 kununua na vivyo hivyo kuuza. Ukinunua hisa za milioni moja leo na kuziuza mwezi ujao kwa bei ileile umepoteza zaidi ya elfu arobaini, na hakuna kilichotokea. Fanya hivyo mara tatu kwa mwaka halafu uje useme soko baya.

Dawa ninayoitumia ni ya kizembe. Tarehe 5, mara moja kila baada ya miezi miwili, kiasi kilekile, bila kutazama habari. Miezi ya katikati fedha inakusanyika kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao kutoa fedha ni rahisi, ili nisiwe nalipa gharama za hisa kwa vishilingi elfu hamsini hamsini.

"Nina kampuni saba, mbona zote zimeshuka pamoja?"

Soma majina yao kwa sauti. Jamaa mmoja aliniletea orodha: benki, benki, benki ya jamii, benki tena, saruji, saruji, na hisa za soko la hisa lenyewe. Pembeni alikuwa na vipande vya Umoja, mfuko ambao nao humiliki hisa za DSE pamoja na hatifungani. Yeye mwenyewe ameajiriwa benki, na ana mkopo wa nyumba kwa mwajiri wake. Huyo hana kampuni saba. Ana mambo mawili: afya ya mabenki na ujenzi wa nyumba. Mikopo ikianza kutolipika, hisa zake zinashuka, gawio linakatwa, na ajira yake inaingia mashakani mwezi huohuo.

Usihesabu majina, hesabu fedha inatoka wapi. Chora duara kwenye karatasi, ligawe: kinachotegemea mikopo, kinachotegemea ujenzi, kinachotegemea mlaji wa kawaida kama bia na sigara, kinachotegemea serikali kulipa riba. Kisha ongeza mshahara wako kwenye kipande kinachohusika. Hapo ndipo mwalimu aliyeweka fedha yote kwenye hatifungani anagundua kwamba mshahara na akiba yake vyote viwili vinalipwa na Hazina. Si vibaya, Hazina imekuwa mlipaji mzuri, ila afahamu.

Kutibu hili usiuze kwa pupa. Elekeza fedha mpya na magawio upande uliopungua, na baada ya miaka miwili mitatu kapu litakuwa limekaa sawa bila kulipa gharama za kuuza. Kama kampuni moja imezidi nusu ya kapu, hapo ndipo naona sababu ya kupunguza kidogo kidogo, hata kama inafanya vizuri. Faida ya kuuza hisa za DSE kwa mwekezaji mdogo haitozwi kodi, kwa hiyo kodi isiwe kisingizio.

"Bei imeanguka nusu. Niuze?"

Hili ndilo swali linalonikosesha usingizi, nami sina jibu la mstari mmoja. Ninacho kisa, na hesabu zake zipo wazi kwenye ripoti za mwaka.

CRDB iliingia DSE Juni 2009 baada ya kuuzwa kwa umma kwa shilingi 150. Mwaka 2015 ikawauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa 350. Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya kwa mabenki mengi nchini: mikopo chechefu ilipanda, na faida ya CRDB baada ya kodi ikaporomoka kutoka kama bilioni 129 mwaka 2015 hadi kama bilioni 36 mwaka 2017. Kufikia mwishoni mwa 2019 hisa ilikuwa karibu shilingi 100. Aliyenunua kwa 350 alikuwa amebakiwa na chini ya theluthi ya mtaji wake.

Sasa weka bei pembeni, usome gawio kwa hisa kuanzia mwaka wa fedha 2015: 17, 10, 5, 8, 17, 22, 36, 45, 50. Tazama panapogeuka. Gawio la 2018 lilikuwa 8, kubwa kuliko la 2017, na la 2019 likarudi 17. Bei ilikuwa bado chini wakati ndani ya kampuni mambo yameshageuka. Aliyeuza kwa 100 mwaka 2019 aliuza kitu ambacho mwaka huohuo kilizalisha gawio la 17. Mwenye kaunta buku aliyeandika "nitauza mikopo chechefu ikipanda miaka miwili mfululizo" angekuwa ametoka mapema, 2016 au 2017, kwa hasara ndogo zaidi, na hilo nalo lingekuwa sahihi. Aliyeumia kuliko wote ni yule aliyevumilia ubaya wote bila kusoma kitu, kisha akachoka siku nafuu imeshaanza.

Lakini tusipambe kisa hiki kwa maua. Bei ilirudi kupita 350 mwaka 2022. Miaka saba! Katika kipindi hicho gawio lote lilifika shilingi 115 kwa hisa kabla ya kodi, na mfumuko wa bei ulikuwa unaendelea kula. Subira ya aliyenunua kwa 350 ilimrudisha pale alipokuwa na chenji kidogo. Kilichomwokoa kweli ni kama aliendelea kununua kidogo kidogo huko chini.

Kenya wana kisa chao. Safaricom iliuzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, ikashuka chini ya 3, ikapanda hadi zaidi ya 40 mwaka 2021, kisha mwishoni mwa 2023 ikawa chini ya 15. Kampuni ileile, na muda wote huo ilikuwa inapata faida.

Vipi basi kutofautisha mafua na kansa? Dalili za kampuni kuugua kweli hazipo kwenye bei. Hesabu zilizokaguliwa zinachelewa, halafu zinachelewa tena. Mkaguzi anaandika mashaka kama kampuni itaweza kuendelea. Maneno hayo huwa yamefichwa ukurasa wa ndani wa ripoti, yatafute. Wasambazaji hawalipwi. Mali zinauzwa ili kulipa madeni ya kila siku. Mkurugenzi mtendaji anaondoka, anayemfuata naye anaondoka. Uchumi, ile ya maduka makubwa Kenya ambayo hisa zake ziliorodheshwa hadi Dar, ilifunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Mteja wa kawaida alikuwa ameshaona rafu tupu kabla. Rafu tupu ni taarifa ya fedha kwa asiyesoma taarifa za fedha.

Ukikuta dalili mbili kati ya hizo, toka, hata kwa hasara, na usisubiri bei irudi uliponunulia. Hisa haijui ulinunua kwa ngapi.

"Kipande cha mfuko wangu hakikui kama cha jirani"

Uliza mnalinganisha nini. Mifuko kama Jikimu, au mpango wa gawio wa Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, inakulipa faida mkononi kila kipindi. Thamani ya kipande lazima ionekane inajikokota, maana sehemu ya ukuaji umeshaila. Umoja haufanyi hivyo, faida inabaki ndani na kipande kinanenepa. Jumlisha ulichopokea ndipo ulinganishe.

Na hili naomba nilirudie kila mwaka kwa sababu kila mwaka linaulizwa: kipande cha bei ndogo si rahisi. Mfuko mpya ukianzia shilingi 100 na mwingine wa 2005 ukiwa umeshapanda mbali zaidi ya hapo, milioni yako itapata vipande vingi kule na vichache huku, lakini ikikua kwa asilimia 10 ni laki moja kote kote.

"Hatifungani yangu imeshuka thamani na serikali haijakosa kulipa"

Haijashuka kwako kama hutaiuza. Hatifungani ya miaka 25 ilitolewa 2021 kwa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Aprili 2022 Benki Kuu ikashusha riba za matoleo mapya, ya miaka 25 ikawa 12.56. Aliyeshika ya 15.95 ghafla alikuwa na kitu adimu, akaweza kuiuza kwa zaidi ya 100, yaani zaidi ya shilingi 100 kwa kila 100 ya mtaji. Baadaye riba za sokoni zikapanda, na aliyenunua ya 12.56 akajikuta akiambiwa thamani yake iko chini ya 100. Ndiyo bembea yenyewe. Riba yako unaendelea kuipata kila miezi sita, na mwishoni unarudishiwa mtaji kamili. Tatizo linakuja pale tu ulipoweka humo fedha utakayoihitaji mwaka wa tatu, na hapo tunahamia kwenye ugonjwa unaofuata.

"Kila Januari najikuta nauza"

Ada, sare, kodi ya pango ya miezi sita, na michango ya Desemba ambayo hukuipangia. Huna tatizo la uwekezaji, una tatizo la mfuko wa karibu. Jumlisha matumizi ya Januari iliyopita kutoka kwenye ujumbe wa miamala ya simu, usikadirie. Gawanya kwa kumi na mbili. Kiasi hicho kiende Ukwasi kila mwezi kabla hujanunua hisa hata moja. Nilipojihesabia mara ya kwanza nilikuta nimekuwa nikijidanganya kwa karibu nusu.

"Karatasi inasema faida, lakini sijui kama nimepiga hatua"

Chukua thamani ya kapu leo, ongeza ulichotoa, toa ulichoingiza. Kilichobaki ndicho faida. Wengi wanafurahia kapu lililokua kutoka milioni tatu hadi tano wakati milioni moja na laki saba ni mshahara wao wenyewe walioutia ndani. Kisha linganisha na mfumuko wa bei, ambao miaka ya karibuni hapa Tanzania umekuwa kati ya asilimia 3 na 4, na linganisha na ambacho ungepata kwa kulala tu Ukwasi. Kama kwa miaka mitano hisa ulizozichagua mwenyewe hazijaushinda mfuko ambao haukukuomba hata dakika moja, basi hamishia fedha mpya huko na ubaki na hisa chache za kujifunzia. Hiyo si aibu.

Aliye Muscat au Minneapolis akituma fedha nyumbani ana kipimo kingine. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ikapita 2,600 na kukaribia 2,700. Hisa iliyompa asilimia 15 kwa shilingi katika kipindi hicho, ukiigeuza kwa dola, iko palepale au chini kidogo. Mwisho wa mwaka huo shilingi ikajiimarisha tena. Aamue mapema: fedha hii nitaitumia wapi? Kama ni kujenga Tanga, apime kwa shilingi, na aache kufungua ukurasa wa bei za dola kila asubuhi.

Kuhusu yule anayekuahidi asilimia 30 kwa mwezi sina uchunguzi wa kufanya. Muulize namba ya leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha ihakiki huko kwenye Mamlaka, si kwake.

"Mzee amefariki, tunajua alikuwa na hisa, hatujui ziko wapi"

Hili limenikuta. Hati za karatasi zilikuwa kwenye sanduku la bati, zimefungwa na vyeti vya ubatizo na risiti ya baiskeli. Njia yake ni ndefu lakini inapitika: kikao cha ukoo na muhtasari wake, mahakama, barua ya usimamizi wa mirathi, kisha msimamizi kwenda kwa dalali na hati, cheti cha kifo na vitambulisho ili hisa zihamishiwe warithi. Kama hati ni za zamani za karatasi, zitaingizwa kwanza kwenye mfumo wa CDS. Majina yakitofautiana, kiapo. Sisi ilituchukua mwaka na miezi miwili, na karibu nusu ya muda huo ulikwenda kwenye kutafuta tu kampuni gani na gani.

Kwa sababu hiyo nina bahasha. Ndani yake mna karatasi moja: namba ya CDS, namba ya akaunti ya vipande, jina la dalali na mahali ofisi ilipo, akaunti inayopokea gawio. Hakuna namba za siri. Naibadilisha kila Januari, tarehe ileile ninayojumlisha hesabu za mwaka. Imekaa kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni. Mke wangu ndiye aliyechagua mahali, anasema mimi ningeificha vizuri hadi nisiione tena.